Alilipia na Siku za Kupona: Somo Juu ya Bima na Mama Aliyepasuliwa Titi

Somo la mara hii ni la akina mama, lakini tunaomba akina baba wasiende kukaa nje kwenye mti. Ugonjwa ukiingia nyumbani hauchagui nani atauza mbuzi. Someni pole pole, mtu mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Tuanze na mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Ni mwanachama wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Alipata uvimbe kwenye titi, akachelewa kidogo kama wengi wetu, halafu akaenda akapimwa, ikaonekana ni kansa. Alikuwa na bima. Kikundi kilishukuru Mungu, kikasema, "Angalau huyu hatutamfanyia harambee." Akapasuliwa titi, na tezi za kwapani zikatolewa. Kesho yake asubuhi akaambiwa avae nguo, kitanda kinahitajika, na pesa ya bima ya operesheni imefika mwisho wake. Akapanda matatu mbili hadi nyumbani, mrija ukitoka ubavuni na kichupa cha maji ya kidonda kimefichwa ndani ya kiondo. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumwaga kile kichupa. Siku ya nne kidonda kilikuwa moto na usaha unatoka. Akarudishwa hospitali, akalala wadi siku tisa. Harambee ambayo kikundi kilidhani kimeiepuka, ikafanyika.

Tulipokaa na kikundi hicho, mzee mmoja aliuliza swali ambalo limezaa somo hili: "Sasa hiyo bima ililipia nini? Kukatwa peke yake?"

MSAMARIA ALILIPA MARA NGAPI?

Sote twaijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka sura ya 10. Tumeihubiri mara nyingi, na mara nyingi tunakomea pale alipomwaga mafuta na divai akafunga majeraha. Lakini habari haikuishia barabarani. Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akakesha akimtunza. Kesho yake alipotaka kuendelea na safari, alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba amwangalie. Halafu akasema kwamba kama gharama itazidi, atailipa akirudi.

Angalieni vizuri. Kufunga majeraha kulikuwa kazi ya saa moja. Kitanda, chakula na kuangaliwa kulikuwa kazi ya siku nyingi, na Msamaria alijua kwamba bila hizo siku, mafuta yake na divai yake ni bure. Alilipia matibabu, akalipia na kupona. Tena hakumwambia mwenye nyumba, "Pesa yangu ikiisha mtoe nje." Alisema nitaongeza.

Hili ndilo tunalotaka kusema katika somo hili: siku za kupona ni sehemu ya matibabu. Bima inayolipia kisu na kukataa kitanda imelipa nusu. Na mwenye kuamua mgonjwa aende nyumbani lini ni daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe. Orodha ya bei isiwaamulie.

UPASUAJI WENYEWE UKO NAMNA GANI?

Hapa Kenya kansa ya titi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko kansa nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 6,700 kwa mwaka mmoja. Wanaume nao hupata, ingawa ni wachache sana. Kansa hii haitokani na kurogwa, wala haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja au kula sahani moja.

Kuna upasuaji wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni kutoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, titi likabaki. Wa pili ni kutoa titi lote. Mara nyingi daktari hutoa pia tezi za kwapani, zote au chache, ili zipimwe kama kansa imefika huko. Mahali palipotolewa nyama, mwili hujaza maji. Kwa hiyo daktari huacha mrija mdogo unaotoa maji hayo nje kuingia kwenye kichupa. Mrija huo unaweza kukaa wiki moja, mbili, hata zaidi, mpaka maji yapungue.

Sasa hesabuni mambo yanayotakiwa kuangaliwa siku ya kwanza na ya pili:

1. Damu. Mshipa unaweza kuvuja ndani baada ya operesheni, hasa katika yale masaa 24 ya kwanza. Kifua kikivimba ghafla, au kichupa kikijaa damu haraka, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Akiwa wadi ni mwendo wa dakika chache. Akiwa kijijini usiku wa mvua, ni habari nyingine.

2. Maumivu na kutapika. Dawa ya usingizi huwafanya wengine watapike, na dawa kali za maumivu zinahitaji mtu wa kuangalia.

3. Mkono. Ule mkono wa upande uliopasuliwa usipoanza kuchezeshwa taratibu mapema, bega hukaza. Mama anahitaji kuonyeshwa mazoezi kwa vitendo, na karatasi peke yake haitoshi.

4. Mrija. Mgonjwa na mtu wa nyumbani wafundishwe kumwaga kichupa, kupima maji na kuandika kiasi kila siku, na kunawa mikono kabla ya kugusa. Hili haliwezi kufundishwa kwa mama ambaye bado ana usingizi wa dawa.

5. Moyo. Mama amepoteza kiungo. Anahitaji kulia mahali ambapo hakuna mtoto anayemwuliza uji uko wapi.

Tuseme ukweli pia kwa upande wa pili. Si kila mgonjwa lazima alale siku nyingi. Aliyetolewa uvimbe mdogo, ana nguvu, anakaa karibu na hospitali, ana maji safi na mtu wa kumsaidia, anaweza kwenda nyumbani hata siku hiyo hiyo, na daktari wake akakubali bila wasiwasi. Kulala wadini bila sababu nako kuna hatari, kwa maana wadi zina vijidudu vyake. Kwa hiyo hatupiganii siku nyingi. Tunapigania siku zinazomfaa mgonjwa huyu. Mama wa mjini mwenye bomba ndani ya nyumba hawezi kupimwa kwa kipimo kimoja na mama anayechota maji mtoni na kufika hospitali kwa bodaboda na matatu.

KWA NINI MTU HUTOLEWA MAPEMA?

Sababu moja ni vitanda kuwa vichache. Hiyo tunaijua. Sababu ya pili wengi hawaijui, na tungependa kila mweka hazina aielewe.

Bima inaweza kulipa hospitali kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulipa kila kitu kilichofanyika: kitanda siku ngapi, dawa gani, bandeji ngapi. Njia ya pili ni bei moja ya jumla kwa operesheni nzima. Ni kama fundi aliyepatana na wewe kujenga choo kwa bei moja. Akimaliza siku tatu anapata hiyo hiyo, akimaliza siku kumi anapata hiyo hiyo. Fundi mwaminifu atamaliza vizuri. Fundi mwingine ataharakisha, na ukuta utapasuka mvua ya kwanza.

Bei ya jumla si kitu kibaya chenyewe. Inazuia hospitali kumrundikia mgonjwa gharama zisizo na kazi. Lakini kama maandishi ya bima hayasemi wazi kwamba siku za kupona zimo ndani ya bei hiyo, na hayasemi ni nani anayeamua siku hizo, basi kila siku ya ziada ya kitanda hospitali inaiona kama hasara. Hapo ndipo mama anaambiwa avae nguo.

WENZETU WA MAREKANI WALIVYOLIA

Msidhani jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Marekani, nchi yenye hospitali kubwa kubwa, ilikumbwa nalo katika miaka ya 1990. Makampuni ya bima yaliyosimamia matibabu yalianza kubana siku za kulala hospitali. Yalianza na akina mama waliojifungua. Watu wakapiga kelele, na mwaka 1996 bunge la nchi nzima likapitisha sheria kwamba bima inayolipia uzazi isikatae masaa 48 baada ya kujifungua kwa kawaida, na masaa 96 baada ya kujifungua kwa kupasuliwa.

Halafu ikafika zamu ya matiti. Katika jimbo la Connecticut, daktari mmoja wa upasuaji, mwanamke aitwaye Kristen Zarfos, aliona bima zikitaka wagonjwa waliokatwa titi warudishwe nyumbani siku ile ile. Angeweza kunyamaza, maana daktari akigombana na bima hukosa wagonjwa. Hakunyamaza. Alisema hadharani, na mbunge wa huko, mama Rosa DeLauro, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua kansa ya mfuko wa mayai, akapeleka mswada bungeni mwaka 1997. Mswada ulitaka bima ilipie angalau masaa 48 baada ya kukatwa titi, na masaa 24 baada ya kutolewa tezi za kwapani. Haukumlazimisha mtu kulala. Kama mgonjwa na daktari wake wamekubaliana aende mapema, sawa. Bima ndiyo iliyokatazwa kuamua. Mwezi wa Februari mwaka huo Rais Bill Clinton alilitaja jambo hilo katika hotuba yake kwa bunge, na daktari Zarfos alikuwa amealikwa, ameketi pale akisikiliza.

Je, walishinda? Walishinda kwa vipande. Connecticut na majimbo mengine kadhaa yalitunga sheria zao. Mwaka 1998 ikapita sheria ya nchi nzima kwamba bima inayolipia kukatwa titi ilipie pia kutengenezewa titi jingine, titi la bandia, na matibabu ya mkono ukivimba. Lakini ile sheria ya masaa 48 kwa nchi nzima haikupita. Watu walikusanya sahihi kwa mamilioni, kituo kimoja cha televisheni kikisaidia. Mwaka 2008 bunge la wawakilishi likaikubali kwa kura 421 dhidi ya 2. Kumbe ilikuwa bado nyumba ya pili, seneti, na huko ikalala.

Tunawapa habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, kilio kilianza na mtu mmoja aliyeona jambo wadini akalisema, kikapokewa na wagonjwa wa kawaida walioandika barua. Pili, hata waliopata kura nyingi hivyo hawakupata yote. Anayetetea haki ajiandae kwa safari ndefu, na ashukuru kwa kila kipande anachopata njiani.

KWETU KENYA MAMBO YAKO WAPI?

Wazee wanaikumbuka NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Hiyo imekwisha. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliifuta, na tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kujiandikisha ni kwa simu kwa kupiga *147#, au kwenye kituo cha afya. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mapato yake, halafu hupewa kiasi chake, na kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Huyu wa pili hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 au zaidi.

Hapa kikundi kina kazi ya kwanza. Kujiandikisha si kulipa. Wengi wana jina kwenye orodha lakini hawajalipa, na wanagundua mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kama mnaweza kununuliana sufuria kwa zamu, mnaweza kulipiana bima kwa zamu. Shilingi 70 kwa wiki zinatosha kile kiasi cha chini cha mwaka.

Kwa matibabu ya kansa, viwango vilivyotangazwa mwaka 2025 viliweka shilingi 400,000 kwa mwaka kwa nyumba nzima kutoka mfuko wa bima. Zikiisha, ziliongezwa shilingi 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa ya dharura, sugu na mahututi. Viwango hivi hubadilishwa na serikali mara kwa mara, kwa hiyo msitumie karatasi ya zamani. Ulizeni cha leo. Kumbukeni pia kwamba baada ya kisu mara nyingi kuna dawa za kansa za kutiwa kwenye mshipa, au kuchomwa kwa miale. Pesa ikipotea kwa kidonda kilichooza kwa sababu ya haraka, ndiyo hiyo hiyo iliyohitajika huko mbele.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPASULIWA

Mgonjwa asiende peke yake. Aende na mtu wa nyumbani au mwanakikundi mwenye daftari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Ulizeni:

- Daktari, kwa hali yangu unadhani nitalala siku ngapi? Ni nini kinaweza kuongeza siku hizo?
- Bima inalipia operesheni kwa bei ya jumla au kwa kila siku ya kitanda? Je, siku za kupona zimo?
- Kibali cha bima kimeshatoka? (Operesheni nyingi zilizopangwa zinahitaji kibali kabla. Hakikisheni kiko, msiambiwe tu "kinakuja".)
- Nikirudi kutolewa mrija na kubadilishwa bandeji, nani analipa?
- Nikipata homa usiku, nimpigie nani?

Mwenye bima ya kampuni binafsi aombe majibu haya kwa maandishi.

UKIAMBIWA UENDE NYUMBANI NA HUJAWA TAYARI

Usigombane na sista wa wadi. Yeye hakutunga bei. Sema kwa upole na kwa uwazi: "Naomba kumwona daktari aliyenipasua kabla sijatoka." Mweleze hali ya nyumbani: umbali, maji, nani atakusaidia. Madaktari wengi hawajui mgonjwa anakaa wapi mpaka aambiwe. Daktari akiona ni vyema ukae, mwombe aandike kwenye faili kwamba unahitaji siku zaidi na kwa nini. Maandishi ya daktari ndiyo silaha ya mgonjwa mbele ya bima. Kama bado kuna ubishi, nenda kwenye dawati la SHA hapo hospitalini au kwa ofisi ya malalamiko. Sheria inakupa haki ya kulalamika.

Na kama ni lazima utoke, usitoke mikono mitupu. Dai mambo manne: karatasi ya kuruhusiwa, dawa za maumivu, mafunzo ya mrija, na tarehe ya kurudi. Ulizia pia majibu ya nyama iliyopelekwa maabara yatatoka lini. Wapo waliokwenda nyumbani wakidhani wamepona, kumbe majibu yalikuwa yanawangoja waanze matibabu ya pili.

KAZI YA KIKUNDI NYUMBANI

Bima nzuri kuliko zote haichoti maji. Kwa wiki nne hadi sita mama huyu asishike jembe, asibebe mtungi, kuni wala mtoto mzito. Hapo ndipo kikundi kinakuwa ile nyumba ya wageni. Pangeni zamu kwa majina na siku: nani anachota maji, nani anapika, nani anapalilia shamba lake, nani anamsindikiza kliniki. Msiseme tu "tutamsaidia". Hiyo haina siku wala jina.

Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mrija. Aandike kila siku maji yaliyotoka. Wamrudishe hospitali bila kungoja wakiona kidonda kimekuwa chekundu na moto, usaha, harufu mbaya, joto la mwili kufika digrii 38, kifua kuvimba ghafla, kichupa kujaa damu, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kidonda kisipakwe kinyesi cha ng'ombe, majivu wala dawa ya majani.

Mkono wa upande ule unaweza kuvimba hata baada ya miezi au miaka. Akilima avae glavu, ajikinge na moto na miiba, na ukianza kuvimba aende kliniki mapema. Kidonda kikishapona kabisa, mafundi cherehani wa kikundi wanaweza kumshonea titi la kitambaa laini cha pamba la kuweka ndani ya sidiria. Ni kazi ndogo, lakini humfanya mama aende kanisani bila kujikunja.

Na nyinyi akina baba, mke aliyekatwa titi ni mke wako yule yule. Mama mmoja alituambia kilichomponya si dawa peke yake. Ni siku ambayo mumewe alikimwaga kile kichupa mwenyewe bila kugeuza uso.

TUTETEE VIPI?

Yesu alisema mfano wa mjane aliyemwendea kadhi asiyemjali mtu (Luka 18). Hakuwa na pesa wala jamaa mkubwa. Alikuwa na jambo moja: alirudi tena na tena. Sisi tuna zaidi ya yule mjane. Tuna Katiba, ambayo kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Tuna haki ya kupeleka ombi kwa Bunge, kwa bunge la kaunti pia. Na sisi ni wengi.

Tunapendekeza hatua hizi:

Kwanza, kusanyeni ushahidi. Kila kikundi kiwe na daftari. Aliyepasuliwa titi, alilala siku ngapi? Alitoka kwa ushauri wa daktari au kwa sababu ya pesa? Alirudi wadini? Ilimgharimu ngapi? Msiandike jina lake bila ruhusa yake. Neno la "watu wanateseka" halimsumbui mkubwa yeyote. Neno la "katika vikundi 12 vya lokesheni hii, akina mama 7 walipasuliwa, na 3 walirudishwa na kidonda kibaya" litamfanya aweke kalamu chini. (Hizo ni namba za mfano tu. Tafuteni zenu za kweli.)

Pili, andikeni barua fupi, ukurasa mmoja. Ombeni mambo matatu tu:

1. Maandishi ya SHA yaseme wazi kwamba siku za kulala baada ya kupasuliwa titi zitaamuliwa na daktari na mgonjwa, na kwamba masaa 48 hayatakataliwa kwa anayeyahitaji.
2. Safari za kurudi kutolewa mrija, kubadilisha bandeji na mazoezi ya mkono zilipiwe, na zifanyike kwenye kituo cha afya kilicho karibu.
3. Mgonjwa apewe karatasi kwa Kiswahili inayoonyesha kilicholipiwa na kisicholipiwa, kabla ya kupasuliwa.

Tatu, barua hiyo ipelekwe kwa ofisi ya SHA ya kaunti, kwa waziri wa afya wa kaunti, na kwa mwakilishi wa wadi. Nakala iende kwa ofisi yetu ya maendeleo ili tuziunganishe za vikundi vyote. Viwango vya SHA hupitiwa upya na jopo linalomshauri Waziri wa Afya, na wananchi huombwa maoni. Siku ya maoni ya wananchi ikitangazwa, msimtume mwenyekiti peke yake. Aende na mama aliyepitia, kama yuko tayari kusema.

Nne, msichoke. Mkijibiwa "tumepokea", rudini baada ya mwezi mmoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyepasuliwa akatoka hospitali mapema? Nini kilifuata?
2. Wangapi kati yetu wamejiandikisha SHA? Wangapi wamelipa? Tuhesabu kwa mikono.
3. Mwanakikundi akirudi nyumbani kesho na mrija ubavuni, nani atachota maji Jumatatu? Nani Jumanne? Katibu aandike majina.
4. Msamaria alisema nitaongeza nikirudi. Katika maisha ya kikundi chetu, ni nani wa kusema neno hilo?
5. Ni nani kati yetu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika ile barua, na itapelekwa tarehe ngapi?

Yule mama tuliyeanza naye anaendelea na matibabu. Alituomba tuandike somo hili, na alipolisikia likisomwa alituongezea jambo moja: kama angepewa usiku ule wa pili, angejifunza kile kichupa. Usiku mmoja tu. Kabla hamjafunga mkutano kwa maombi, jibuni swali la tano.